Mzigo sio dhambi, ila tuuweke kando

Wapendwa Bwana asifiwe. Kuna mstari mi naona tunaupita haraka sana, Waebrania 12:1, pale anaposema "tuweke kando kila mzigo mzito, na dhambi ile ituzingayo kwa upesi". Mzigo umetajwa peke yake na dhambi peke yake, yaani kuna vitu sio dhambi kabisa, hakuna mchungaji atakayekukemea, ila ukiwa navyo mbio huzimalizi.

Chukua mambo ya sare. Sisi wamama wa Mwanza ikifika Desemba ni kichen pati, sendofu, harusi, kipaimara, kila shughuli na rangi yake, na grupu lake la WhatsApp, na mweka hazina anayekumbusha michango asubuhi na jioni, na fundi naye hashiki simu, basi Jumamosi nzima inaishia Makoroboi unatafuta kitambaa kifanane na cha wenzio, jioni umechoka hata Biblia huigusi. Na hapo hujamkosea mtu yeyote!

Mwaka huu nikasema hapana. Nikafungua kabati nikatoa zile sare, nyingi zimevaliwa siku moja tu, bado zinanukia pafyumu ya ukumbini na shanga za begani zipo zote, nikazipeleka kwa wamama wanaoanika dagaa kule Igombe. Mmoja akachukua gauni la zambarau akajipima juu ya kanga yake yenye magamba ya dagaa, akasema hili silivai huku, hili la ibada. Nilifurahi mno jamani. Yohana Mbatizaji alishasema, Luka 3:11, mwenye kanzu mbili na ampe asiye na kanzu, wala hakusema ampe iliyochanika.

Halafu someni Marko 1 kwa macho ya mtu wa ziwani. Simoni na Andrea waliacha nyavu, na sisi huku tunajua nyavu ni mtaji, mtu anakopa ili azipate. Yakobo na Yohana ndo kabisa, baba yao Zebedayo alikuwa na chombo chake na vibarua wa mshahara, ni familia inayojiweza hiyo, wakamwacha palepale chomboni. Yesu hakuwaambia uvuvi ni mbaya, hata baada ya kufufuka aliwajazia wavu samaki 153. Ila alipowaita walitakiwa mikono iwe mitupu, na ndicho ninachokitafuta mimi, mikono mitupu akiniita.

Misiba sijaacha, na wala sitaacha, kukaa na aliyefiwa ni kumtumikia Kristo mwenyewe. Mchango wa harusi natoa kadiri nilivyojaliwa. Sare ndo sichukui tena, na magrupu nimetoka karibu yote, kuna ndugu wamenuna, wengine wanauliza kama nimehamia kanisa la wasiojipamba. Hapana, niko palepale, kwaya ileile.

Ile hela ya kitambaa na fundi sasa inanunua sabuni na uji wa wagonjwa wasio na ndugu pale Bugando, Jumamosi baada ya kufua ndo tunaenda na wenzangu wawili wa jumuiya. Ukitaka kuungana nasi njoo tu na gauni lolote ulilonalo.