Kona ya Mlango

Jumamosi mwanangu alipitisha kidole ubavuni mwa gari-nyumba letu, akanionyesha ncha yake. Nyeupe, kama ametoka kuandika ubaoni kwa chaki. "Mama, gari linatoa unga." Kabla sijamjibu alikuwa ameshafika kwenye kona ya mlango, amechuchumaa, anakipapasa kile kiraka. "Na hapa je? Hapa liliumia?"

Nikamwambia ndiyo, liliumia, nenda kanawe mikono. Akaenda. Mimi nikabaki pale pale, kwa sababu neno hilo hilo alilitamka bibi yake kwenye kona hiyo hiyo, mwaka 2013.

Gari lilikuwa na miaka 25 wakati huo. Baba alikuwa ameshaacha kuendesha, funguo ziko kwa Mama, na Mama hakutaka mambo mengi. "Sitaki lipya. Nataka lifanane na lenyewe." Kaka alishauri lipigwe rangi, yaishe. Nikakataa. Faibaglasi ya gari la namna ile haikupigwa rangi hata siku moja. Kiwandani huanza na kalibu: ndani yake hupuliziwa jelikoti, yaani utomvu mzito uliochanganywa na rangi, ndipo matabaka ya nyuzi za kioo yanapolazwa nyuma yake. Kikishakauka na kutolewa, kilichotangulia kuingia ndicho kinachokuwa ngozi ya nje. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Jua huila ngozi hiyo kidogo kidogo, likivunja utomvu ulioshikilia chembe za rangi, na chembe zikikosa wa kuzishika huwa unga. Nilimwambia Kaka: ukipaka rangi juu ya unga, rangi itashika unga, na unga haujashika kitu.

Wapo pia waliotushauri tupake ile dawa ya kung'arishia sakafu. Mchana mmoja tu gari linameta kama limemwagiwa maji. Nilishaona gari lililofanyiwa hivyo. Baada ya muda utando ule uligeuka manjano, ukaanza kubanduka magamba magamba, na mwenyewe akatumia siku nyingi kuuvua kuliko ambazo angetumia kusugua tangu mwanzo.

Lakini kilichonitia ukaidi hasa ni stika. Ilikuwa mstari wa kahawia uliopita ubavuni kutoka mbele hadi nyuma. Ulikuwa umepasuka vipande kama udongo wa kiangazi. Nilichukua mashine ya kukaushia nywele, nikaupasha moto taratibu, nikainua ncha kwa kipande cha plastiki, kisha nikavuta polepole huku nimeilaza stika karibu igusane na ubavu wa gari. Ukatoka utepe wenye urefu wa mkono. Chini yake kulikuwa na rangi ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Maziwa yenye umanjano kwa mbali, nzito, yenye kina, kana kwamba bado mbichi. Miaka 25 haikuonja jua. Nilimwita Mama aje aione. Hakusema kitu, aliweka tu kiganja juu yake, kisha akakihamishia kwenye sehemu iliyochakaa, akakirudisha tena.

Kuanzia hapo nikataka gari zima lifike kwenye utepe ule. Nilikuwa nimejiwekea kipimo kisichofikika, nami sikujua.

Kazi ilichukua wiki tatu. Sabuni, maji, kisha msasa wa maji namba 1000, 1500, 2000, maji yakichuruzika meupe mpaka kwenye magurudumu. Kisha rabingi, ile dawa nzito ya kusugulia, kwa mashine yenye pedi ya sufu, halafu polishi kwa pedi ya sponji, halafu nta. Tulifanya kivulini kila mara, maana upande uliopata joto hukausha rabingi kabla haijafanya kazi. Kaka alipoona ubavu wa kwanza umeanza kurudisha sura ya mtu kama kioo, alikunja mikono ya shati akaingia kazini bila kuambiwa.

Siku ile ya mlango alikuwa hayupo. Nilikuwa peke yangu, na palibaki ukungu wa ukubwa wa kiganja, karibu kabisa na kona, pembeni mwa ule utepe uliokuwa umefichwa na stika. Kila mtu anayeshika mashine hii anaijua sheria ya kona: pita juu juu, kwa mwendo mdogo, au usipite kabisa, umalizie kwa mkono. Pale ngozi huwa nyembamba, na uzito wote wa mashine unakaa mahali padogo kama ukucha. Siku zote nilikuwa nikifunika kingo kwa utepe wa karatasi. Asubuhi ile ulibanduka kwa maji, nikaona nitaubandika baadaye. Nikapita mara moja, ukungu ukapungua. Nikapita mara ya pili. Nikaongeza mwendo, nikaegemea.

Sauti ndiyo iliyobadilika kwanza. Mashine iliyokuwa ikinguruma kwa utulivu ikatoa mlio mwembamba, wa juu. Ikafuata harufu kali, tamu kidogo, ya utomvu ulioungua. Nilizima, lakini pedi haisimami papo hapo, inaendelea kuzunguka kwa nguvu iliyobaki nayo, nami nikaishikilia hewani kwa mikono miwili nikisubiri. Iliposimama niliona kwenye sufu vumbi la rangi ya maziwa, na katikati yake mstari wa kijivu ambao haukuwa wa rangi yoyote ya gari letu. Nikainama. Pale kona rangi ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na doa la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, jeusi la kijani, kama maji ya mtungi wa zamani, na ndani yake nyuzi za kioo zimelala zikikatizana, nyembamba kama mvi. Nilikuwa natazama ndani ya gari kupitia ngozi yake. Nilipogusa, palikuwa pa moto.

Mama alitoka kwa sababu ya ule ukimya.

"Mbona umezima?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Alishuka ngazi, akainama akiwa ameshika goti, akaweka kidole cha shahada juu ya doa. Akakaa hivyo muda.

"Limeumia?"

"Limeumia, Mama. Ni mimi."

"Basi leo lipumzike."

Akachomoa waya wa mashine, akauzungusha mkononi duara baada ya duara mpaka ukaisha, akaubeba ndani. Hakulitaja tena jambo lile, si siku ile wala miaka yote iliyofuata.

Nililiziba. Nilichanganya jelikoti na rangi nikiifananisha na ule utepe, nikatia kigandishi kidogo, karibu asilimia 2, nikafunika kwa karatasi ya plastiki kwa sababu jelikoti ikiachwa wazi hewani uso wake hubaki unanata. Kisha msasa, kisha polishi. Mwezi ule hukuweza kuona tofauti. Tofauti ilikuja yenyewe, mwaka hadi mwaka, kiraka kikizeeka kwa namna yake na gari kwa namna yake. Na nta, tuliyoahidiana kuipaka mara 2 kila mwaka, tuliipaka kwa bidii, halafu mara mojamoja, halafu tukaacha.

Sasa unga umerudi. Misasa ipo kwenye sanduku, mashine inafanya kazi. Ila mng'ao ule haupatikani kwa kuongeza kitu. Unapatikana kwa kuondoa, na sijui nimebakiza kiasi gani. Vile vipimo vya unene vya sumaku wanavyotumia mafundi wa magari ya bati havisomi kitu juu ya faibaglasi. Kaka amerudia lile lake la rangi: unga usuguliwe wote, ipigwe praima, yaani tabaka la kushikishia rangi, kisha rangi yenyewe. Safari hii sikumkatalia haraka.

Jioni nilimpigia Mama.

"Kile kiraka bado kipo?" akauliza.

"Kipo."

"Mkipiga rangi kitafunikwa?"

"Kitafunikwa, Mama."

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Lioshe kwanza."

Jumapili tukaliosha, mimi na mwanangu, yeye kashika mpira wa maji. Maji yalipoteremka ubavuni unga ukapotea machoni, na rangi ikapanda kutoka ndani, ile ile ya chini ya stika, gari zima, kona na kiraka vikawa kitu kimoja. Mtoto akapiga ukelele, akanigeukia kama aliyelitengeneza yeye. Akafunga maji. Tukasimama bega kwa bega tukilitazama, nami sikumwambia kitu, mpaka upande wa juu ukaanza kukauka.