Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi Bomba Katika Mji wa Tom Finney

Saa 12:15 asubuhi

Simu inaita chai ikiwa bado jikoni. Mteja wa mitaa ya karibu na uwanja wa mpira wa Deepdale, boila, mtambo wa kupasha joto maji na nyumba, imezima usiku, watoto wamelala na makoti. Namwamsha mpwa wangu anayejifunza kazi kwangu, tunapakia spana, mabomba ya shaba na koki za akiba, tunatoka. Nje ni giza totoro. Hapa Preston, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, mwezi wa Desemba jua halionekani mpaka saa mbili imepita.

Saa 1:30 asubuhi

Barabara inayopita mbele ya uwanja inaitwa Sir Tom Finney Way. Jukwaa moja ndani ya uwanja nalo lina jina hilohilo.

"Anko, huyu Finney alikuwa nani hasa?"

"Fundi bomba."

Mpwa wangu anacheka, anadhani namtania. Simtanii. Tom Finney alizaliwa mji huuhuu mwaka 1922, na klabu ya Preston North End ilipomtaka akiwa bado kijana mdogo, baba yake aliweka sharti: kwanza umalize kujifunza ufundi bomba, mpira wa kulipwa baadaye. Alisaini mkataba wa kulipwa Januari 1940, vita vikiwa vimeshaanza. Mwaka 1942 akaingia jeshini, akapelekwa Misri na kisha Italia, kwenye vifaru. Mechi yake ya kwanza ya ligi aliicheza Agosti 1946, akiwa na miaka 24. Ujana wote ambao mshambuliaji huutumia kujenga jina uliishia vitani.

Saa 2:00 asubuhi

Presha ya boila imeshuka, na chanzo tunakipata chumba cha juu: koki ya rejeta, lile la ukutani linalopasha chumba kwa maji moto, inavuja polepole chini ya zulia. Tunabadilisha, tunajaza maji, tunatoa hewa, moto unawaka.

Saa 5:00 asubuhi

Mteja wa pili ni mzee wa Kiingereza, amezidi miaka themanini, anaishi kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na za jirani. Sinki lake linavuja. Nafungua kabati na kukuta bomba la risasi, ile metali laini ya kijivu, bomba la zamani, na kiungo kilichovimba katikati kama yai. Namwita mpwa wangu aje aone. Fundi wa enzi hizo aliyeyusha mchanganyiko wa risasi na bati, akaumimina juu ya kiungo, akauzungusha kwa kitambaa kikiwa mkononi mpaka ukakaa sawa. Ndiyo kazi aliyojifunza Finney. Kiungo hiki hakikuwa na kasoro yoyote. Kilichokuwa kinavuja ni koki iliyofungwa miaka mingi baadaye. Bomba lenyewe litabidi litoke, kwa sababu risasi ni sumu kwenye maji ya kunywa, lakini mkono uliounda kiungo kile naupa heshima yake.

Mzee anatuletea chai na kusikia tunachozungumza. Alimwona Finney kwa macho yake, akiwa mtoto aliyepitishwa mbele ya umati na watu wazima ili aone. Anatuambia mguu wa asili wa Finney ulikuwa wa kushoto, ila alijifundisha wa kulia mpaka mabeki wakashindwa kujua atapita wapi. Alicheza namba saba, winga ya kulia, akacheza namba kumi na moja, winga ya kushoto, na alipozidi miaka thelathini akahamia namba tisa, mshambuliaji wa kati. Timu ya taifa: mechi 76, mabao 30, Kombe la Dunia mara tatu, 1950, 1954 na 1958. Mwaka 1947 kule Lisbon waliifunga Ureno 10–0, Stanley Matthews winga ya kulia na Finney kushoto.

Saa 7:00 mchana

Tunakula mkate na samaki ndani ya gari, karibu na sanamu yake nje ya uwanja. Ilizinduliwa 2004, ikifuata picha iliyopigwa 1956 uwanja wa Chelsea uliojaa maji: Finney anateleza na mpira, maji yakiruka pande zote.

"Alikuwa analipwa kiasi gani?"

Hapa ndipo roho yangu inapouma. Mwaka 1952 rais wa klabu ya Palermo ya Italia alimwahidi pauni 10,000 za kusaini, mshahara wa pauni 130 kwa mwezi, nyumba ya kifahari na gari. Wakati huo sheria ya ligi ya Uingereza haikuruhusu mchezaji yeyote, hata awe bora namna gani, alipwe zaidi ya pauni 14 kwa wiki. Preston wakasema hapana. Hapakuwa na la kufanya, kwa sababu klabu ilishikilia usajili wa mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha. Umati ulilipa viingilio kumwona yeye, naye alirudi kwenye biashara ya ufundi bomba aliyoiendesha na kaka yake Joe. Watu humsifu kwa uaminifu wake, na kweli hakucheza mechi ya ligi kwa klabu nyingine. Ila mimi nasema alidhulumiwa.

Saa 10:00 jioni

Giza tena. Tukisubiri kipimo cha presha kwenye nyumba ya mwisho, nampa mpwa wangu hesabu. Msimu wa 1952–53 Preston na Arsenal walimaliza kileleni mwa ligi na pointi 54 kila mmoja. Siku hizo pointi zikilingana, waligawanya mabao ya kufunga kwa ya kufungwa. Arsenal 97 kwa 64, Preston 85 kwa 60. Anapiga kwenye simu: 1.52 dhidi ya 1.42. Ubingwa ukaenda London, kwa Arsenal. Mwaka uliofuata Preston wakafungwa fainali ya Kombe la FA, 3–2 na West Bromwich Albion.

Saa 1:30 usiku

Naandika ankara, mpwa wangu yupo kwenye simu anatafuta picha za zamani. Finney alistaafu Aprili 1960, mabao 187 katika mechi 433 za ligi. Januari 1961 kikomo cha mishahara kikafutwa, na punde Johnny Haynes wa Fulham akalipwa pauni 100 kwa wiki. Mwaka huohuo Preston wakashuka daraja, na hawajarudi ligi kuu hadi leo.

"Miezi tisa tu baada ya kustaafu, Anko!" anasema mpwa wangu, amekasirika kwelikweli.

Kesho tunarudi kwa yule mzee kutoa bomba la risasi. Kiungo nimemwomba nikichukue.