Zamu ya Saa Nane Usiku

Dereva alikuwa ameshanunua kufuli. Aliliweka juu ya ubao wa drafti, katikati ya vizibo vya soda, akasema tumfungie Koplo chumbani siku tatu, apewe uji na maji, akitoka hapo gongo atalisikia kwenye bomba.

"Mwanaume haachi pombe kwa dawa," alisema. "Anaacha kwa kukaza roho."

Ilikuwa mwaka 2019, Kirumba, Mwanza, kwenye kijiwe chetu cha kahawa jirani na mwalo, mahali ambapo harufu ya dagaa inaingia mpaka kwenye kashata. Wengi wetu pale tuliwahi kuvaa gwanda. Hatukuwa chama, hatukuwa na mwenyekiti wala daftari. Tulijuana kwa namna mtu anavyochagua pa kukaa: mgongo ukutani, macho barabarani. Mimi nilitokea Darfur. Dereva aliendesha malori ya jeshi miaka mingi na hasemi alifika wapi. Mzee aliingia vita vya Kagera mwaka 1978 akiwa mgambo, akafika Masaka, na mpaka leo moto ukishika mabati anaondoka eneo hilo bila kuaga. Koplo ndiye aliyekuwa mdogo wetu. Alirudi kutoka kulinda amani Kivu Kaskazini, Kongo. Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilivamiwa kule na tukapoteza vijana wetu zaidi ya kumi katika shambulio moja. Kama alikuwepo au hakuwepo, hakuwahi kusema, na sisi hatukuuliza.

Mzee alilichukua lile kufuli akalitia mfukoni.

"Nina mwenzangu alifungiwa hivi hivi, kule Magu. Siku ya pili degedege. Siku ya tatu tukazika. Watu wakasema karogwa."

Hakuna aliyebisha. Mlevi wa wikiendi anaweza kuacha leo akaamka kesho na kichwa kinauma tu. Lakini mwili uliokunywa kila siku kwa miaka, ubongo wake umeshajipanga kupambana na ile pombe inayouzubaisha usiku na mchana. Ukiikata ghafla, ubongo unafyatuka kama mti uliopindwa kisha ukaachiwa: jasho, mikono kutetemeka, mapigo kwenda mbio, degedege, na kwa wengine, kuanzia siku ya pili au ya tatu, kuona watu ambao hawapo. Mtu anakufa kweli. Ajabu ni kwamba mtaani tunawaogopa zaidi wanaoacha unga, wakati wa gongo ndio walio hatarini zaidi siku zile za mwanzo.

Tulimkuta Koplo kwake Igogo amekaa sakafuni, shati limelowa. Tangu jana yake hakuwa ameonja kitu. Alikuwa ameamua mwenyewe, kimya kimya, maana mtoto wake alikuwa anapata komunyo ya kwanza Jumapili. Mkewe alitupokea mlangoni na neno moja: "Majini, shemeji." Mama mkwe alikuwa ameshaagiza mganga kutoka Misungwi. Mzee hakubishana naye. Alisema mganga akifika apewe chai atusubiri, kisha akaita bajaji.

Hospitali ya Bugando, sista wa mapokezi aliuliza ndugu wa mgonjwa ni nani.

"Sisi," Mzee akajibu.

"Wote watatu?"

"Wote."

"Usiku anabaki mmoja."

"Tutapokezana, sista."

Akamgeukia Koplo. Anakunywa kiasi gani, na mara ya mwisho lini? Koplo alijikaza, akanyoosha mgongo kama yuko paredi. "Kidogo tu. Wikiendi."

Hapo ndipo Dereva, yule yule wa kufuli, alipojisogeza mbele. "Sista, andika nusu lita kabla ya chai. Na nyingine mchana. Amekatisha jana asubuhi."

Koplo alimtazama kwa hasira. Dereva hakumkwepa. "Hata mimi nilikuwa nasema wikiendi," alisema.

Miaka yote ile sikujua. Sista aliandika nusu lita. Koplo alichomwa sindano ya vitamini B1 kwanza, kabla ya dripu yoyote ya sukari, maana sukari ikitangulia kwa mtu aliyekaukiwa na vitamini hiyo inaweza kumharibu ubongo. Diazepamu ikafuata, ya kumtuliza. Mtu mwingine angeamini ile "kidogo tu" na mgonjwa akapewa dozi ya mtu wa kidogo tu.

Tukagawana usiku. Mzee wa kwanza, mimi saa nane, Dereva alfajiri.

Ilikuwa giza la mwezi, siku ambazo ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa. Kutoka dirisha lile la kilimani unaziona zimejipanga gizani, zinasogea taratibu. Koplo aliamka mara tu nilipokalia stuli. Alishuka kitandani na dripu yake, akasimama kando ya dirisha, si mbele yake. Kando, begani kwa ukuta.

"Wanakuja kwa mstari," aliniambia.

Mgonjwa wa kitanda cha jirani akamsaidia: "Wavuvi hao, kaka. Wanatafuta dagaa."

"Mimi nimezaliwa Igogo. Unadhani wavuvi siwajui?"

Alikuwa anatetemeka mpaka mti wa dripu unagonga ukuta. Nilikwenda kumwita sista, na nikamkuta Mzee kwenye benchi la korido. Hakuwa ameondoka. Aliingia na ndala zake mkononi, akasimama hatua mbili nyuma ya Koplo, hakumgusa.

"Nani yuko lindo?"

Koplo alichelewa kidogo. "Mimi."

"Umeingia saa ngapi?"

"Sikumbuki, afande."

"Zamu yako imekwisha. Huyu hapa anakupokea."

Koplo akanitazama, kwa muda mrefu. Nikasema nimempokea. Ndipo akarudi kitandani, na sista akamkuta amelala chali, mkono ameutoa tayari kwa sindano. Kilichomlaza ni nini, sista atasema sindano, na ana haki ya kusema hivyo. Lakini sindano ilimkuta ameshalala kitandani.

Baadaye sana nilisoma kwamba huko Akron, Marekani, mwaka 1935, walevi wawili waliokuwa wamesaidiana kuacha pombe walikwenda hospitalini kumtafuta wa tatu, wakakaa kando ya kitanda chake. Mmoja wao, Bill Wilson, alikuwa afisa wa mizinga Vita Vikuu vya Kwanza. Nilimsomea Mzee. Akauliza kama walipewa viti, maana stuli za wodini zinavunja mgongo.

Jumapili ya komunyo ilipita Koplo akiwa wodini. Padri alimletea mtoto na gauni lake jeupe mpaka getini. Aliporuhusiwa, na tarehe ya kliniki ya afya ya akili imeandikwa kwenye kadi, hatukumpa nasaha. Tulikaa uani kwake, Mzee akaokota kijiti akachora mavumbini: hapa nyumbani, hapa kazini mwaloni, hapa kwa mama muuza gongo. Mama huyo nilishakwenda kumwomba asimuuzie. Alinijibu kwamba yeye anamuuzia mwenye hela, na watoto wake wanasoma kwa hela hiyo. Sikuwa na la kumjibu. Kwa hiyo ikabidi kutafuta njia nyingine. Mzee alipitisha mstari nyuma ya kanisa, ukazunguka gereji, ukatokea barabara kubwa.

Koplo aliinama, akautazama mchoro kama tulivyofundishwa kutazama ramani, kisha akamnyang'anya Mzee kijiti.

"Nyuma ya gereji hapo," alisema, "kuna wawili wanauza. Nyie hamuwajui."

Akafuta mstari kwa kiganja, akaanza kuchora upya.