34D

Juzi binti yangu alikuwa anakunja nguo zilizokauka, akasoma lebo ya sidiria yangu kwa sauti, akauliza: "Mama, D ndiyo kubwa kabisa?" Nikamjibu hapana, halafu nikakaa kimya, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuiogopa herufi hiyo mbele ya shangazi.

Nilikuwa nimekwenda kwake anipime gauni. Tangu nilipovunja ungo navaa 38B, sidiria aliyonichagulia mama kwa kuwa ndiyo aliyovaa yeye. Mabega yaliniuma kila jioni, nami niliyahesabu maumivu hayo kuwa sehemu ya kuwa mwanamke, maana sikusikia yeyote akisema vinginevyo.

Nilipovua blauzi shangazi hakuigusa tepu. Alipitisha kidole gumba kwenye mfereji uliochorwa na kamba ya sidiria begani kwangu, akaufuata taratibu mpaka mwisho.

"Nani alikupima?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi simama vizuri."

Akaizungusha tepu chini kabisa ya matiti, pale yanapoanzia kwenye mbavu. Akaniambia nitoe pumzi yote, kisha akaivuta mpaka ikakaza. Ilikuwa ya baridi. Akazunguka nyuma yangu kuhakikisha imelala sawasawa pande zote, kwa sababu ikipanda mgongoni hata kidogo, alisema, namba inayotoka ni ya uongo. Ikasoma inchi 34. Halafu akaihamishia juu, mahali matiti yalipojaa zaidi. Hapo hakuikaza, aliiacha iguse tu. Mimi wakati huo nimejikunyata, mikono inatafuta pa kujificha.

"Shusha mikono, mwanangu. Hiki ni kifua, si kosa."

Nimeishi na maneno hayo mpaka leo. Nilishusha mikono. Tepu ikasoma 38.

"38 ukitoa 34?"

"Nne."

"Inchi moja ni A, mbili B, tatu C, nne D. Wewe ni 34D."

Nikamwambia haiwezekani. Kwangu mimi D ilikuwa herufi ya wanawake waliokuwa wakisemwa wakipita, na mimi nilikuwa mwembamba. Shangazi hakucheka. Aliketi kitandani akanieleza kwamba herufi peke yake haina ukubwa wowote, inasema tu kifua kimeuzidi ubavu kwa kiasi gani. Mkanda unaozunguka mbavu, ambao ndio namba, ukipungua ngazi moja, herufi inapanda moja, na kikombe kinabaki kilekile: 38B, 36C na 34D zinabeba titi la ujazo uleule. Kwa hiyo miaka yote ile kikombe changu kilikuwa sahihi. Mkanda ndio ulionizidi. Ulikuwa umelegea, unapanda mgongoni, mbele unashuka, na uzito wote unaangukia kamba za mabega. Kazi ya kubeba ni ya mkanda. Kamba zinasaidia tu kushikilia.

Mengine yalikwenda haraka. Gauni lilishonwa, sidiria mpya ikapatikana. Shangazi alinionyesha kuifunga kwenye kulabu za nje kabisa ikiwa bado mpya, ili mpira ukilegea kwa kuvaliwa na kufuliwa nipate kulabu za ndani za kukazia. Akanifundisha kuinama, kuingiza mkono kutokea kwapani na kulileta titi lote ndani ya kikombe, waya ulale kwenye mbavu usiikanyage nyama. Baada ya muda ile mifereji begani ilianza kufifia.

Nilipojifungua na kunyonyesha, namba zilibadilika zote mbili, nikajipima upya peke yangu mbele ya kioo. Binti yangu nimemweleza hesabu hiyo, nikamwambia pia kwamba lebo nyingine hutumia mfumo mwingine wa namba, ambapo mkanda wa 34 huandikwa 75, na kwamba baada ya D nchi hazifuati mpangilio mmoja: Uingereza, kwa mfano, kabla ya kufika E kuna DD. Alisikiliza bila kuona aibu yoyote. Nilifurahi kuliko alivyojua.

Anayenisumbua ni mama. Bado anavaa 38B, na ninaona jinsi anavyoingiza vidole chini ya kamba kila mara kupumzisha mabega. Nimemwomba nimpime. Anasema mabega yake yameshazoea na kwamba mtoto hamvui mama yake nguo. Upande mmoja naona ana haki: mwili ni wake. Upande mwingine namwona akijisugua bega. Tepu nimeiacha kwenye droo yake, na sijamuuliza tena.