Mafaili ya Baiti Sifuri

Mwaka 2012 nilikuwa fundi wa kompyuta Kariakoo, fundi wa kuitwa, unalipwa kazi ikishapona. Asubuhi moja akanipigia mama mmoja muuza vitenge wa jumla, Mtaa wa Uhuru. Umeme ulikatika usiku, ukarudi kwa kishindo, na seva yake, kompyuta kuu ya duka inayotumia mfumo wa Linux, haiwaki. Humo ndimo yalimokuwa madeni ya wateja wake wa mikoani, ya miezi saba.

Nilimkuta ameketi juu ya robota, daftari mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niokolee madeni yangu, mengine tutajua."

Niliiwasha kwa sidii yenye mfumo wake wenyewe. Diski ilikuwa nzima. Kilichoharibika ni ile programu ndogo inayoamsha mfumo. Nikaipachika diski kwenye folda ya /mnt, nikahamia ndani yake kwa chroot, amri inayokufanya uione diski hiyo kana kwamba ndiyo mfumo mzima, nikaamuru programu iwekwe upya. Ikakataa: haioni diski. Diski ambayo mimi nimo ndani yake! Nikarudia mara tatu, nne, jasho linanitiririka, maana soketi ilikuwa moja na feni tulishaichomoa. Hata df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski, ikagoma. Mwisho nikaandika ps, amri ya kuorodhesha programu zinazoendeshwa, nione tu kinachoendelea, nayo ikanipa mstari ambao naukumbuka hadi leo: kuna kosa, fanya hivi, mount -t proc proc /proc.

Nikachungulia folda ya /proc. Tupu. Miaka yote nilikuwa nikiiona imejaa, sikuwahi kujiuliza inajazwa na nani. Kumbe kwenye diski ni folda tupu kweli. Yaliyomo yanatoka kwa kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, na hayaonekani mpaka uipachike pale. Programu zangu zilikuwa zinabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu.

Nikaandika ile amri. Folda ikafurika: namba kwa kila programu inayoendeshwa, kisha meminfo, cpuinfo, mounts, uptime. Nikatazama ukubwa wa uptime, faili la muda ambao mashine imewaka: baiti 0. Nikaisoma: sekunde 4,312 na ushei. Nikaisoma tena: 4,319. Faili la baiti sifuri, na kila ukilisoma lina jibu jipya, kwa sababu kerneli inalitunga jibu papo hapo unapouliza. Nilisahau joto. Nikaisoma mara ya tatu kwa raha tu.

Baadaye nilisoma kuwa Tom Killian wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, alilieleza wazo hili mwaka 1984, wakati huo kwa programu zinazoendeshwa tu. Linux ikaja kuongeza habari za kumbukumbu, prosesa na mengine mengi. Ninalipenda mno. Huhitaji chombo maalumu cha kuihoji kerneli. Unaisoma kama unavyosoma barua.

"Umepata nini, mwanangu?"

"Mama, mashine inaniambia imewaka kwa zaidi ya saa nzima."

"Na madeni je?"

Nikapachika na /dev, folda ambamo programu huziona diski, nikarudia ile amri iliyokuwa ikikataa. Safari hii ikapita kimya. Nikaitoa sidii, nikawasha upya.

Orodha ilipofunguka, mama alisogeza robota karibu na skrini, akaanza kunakili kwenye daftari, kidole kikifuata mstari kwa mstari, midomo ikitaja kila jina. Katikati akasimama.

"La Tunduma silioni."

"Lipo, mama. Shuka chini kidogo."