Django: save() haitoi kosa, lakini hali ya robota haibadiliki

Programu imeandikwa kwa Django (zana ya Python ya kutengeneza tovuti), na ni ya ghala la mkonge, Tanga. Karani anabonyeza "limepakiwa", hakuna kosa lolote, ila ukifungua ukurasa upya robota bado "lipo ghalani". Kuwasha seva upya hakukusaidia. Kufuta kashe, wala. Kuzungushia transaction.atomic() (inayofanya hatua zote zifaulu pamoja au zifutwe pamoja), yaleyale.

Kodi ilikuwa hivi:

marobota = Robota.objects.filter(namba=n)
marobota[0].hali = "limepakiwa"
marobota[0].save()

Washa DEBUG, kisha chapisha connection.queries, yaani orodha ya amri ambazo Django imezipeleka kwenye hifadhidata. Hapo ndipo siri ilipofichuka: SELECT (amri ya kusoma) mbili zenye LIMIT 1, halafu UPDATE (amri ya kubadilisha) yenye hali ya zamani. Kumbe kila [0] kwenye kweriseti (QuerySet, yaani matokeo ya filter() kama marobota hapo juu) ambayo haijasomwa huenda hifadhidata upya na kurudi na nakala nyingine kabisa ya robota lilelile. Unabadilisha nakala ya kwanza, unahifadhi ya pili.

Dawa ni kuishika nakala moja:

r = marobota[0]
r.hali = "limepakiwa"
r.save(update_fields=["hali"])

Kinachopoteza watu njia ni hiki: ukishapitisha for juu ya marobota, au hata len() tu, matokeo hubaki kwenye kumbukumbu, na kodi ileile mbovu inafanya kazi vizuri. Ndiyo maana jaribio lenye for lilikuwa linapita kila mara.