Mitungi miwili ya kioo

Nimefunga kitabu sasa hivi, bado kiko mapajani.

Ni historia ya sayansi ya tabianchi. Nilikifungua nikitarajia grafu na takwimu tu. Sikutarajia kukutana na Eunice Foote.

Mwaka 1856, huko Marekani, mama huyu alianika juani mitungi ya kioo yenye vipimajoto ndani. Mmoja ulikuwa na hewa ya kawaida, mwingine hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi.

Ule wa hewa ukaa ukapanda joto zaidi. Alipoutoa juani, ukachelewa mno kupoa. Akaandika kwamba angahewa iliyojaa gesi hiyo ingeipa dunia joto kubwa.

Mitungi na jua, basi! Wakati huo hewa ukaa angani haijafika hata sehemu 300 kwa kila sehemu milioni za hewa. Leo imevuka 420.

Makala yake ikasomwa mbele ya wanasayansi. Msomaji hakuwa yeye. Aliisoma mwanamume, mwanasayansi Joseph Henry.

Hapo nikakwama. Nimeurudia ukurasa ule mara tatu, koo limenikaba.

Maana miaka 8 kabla, kule Seneca Falls, Marekani, Foote huyohuyo alitia saini tamko la kudai haki za wanawake. Alijua thamani yake. Halafu jina lake likafifia zaidi ya miaka 100, sifa zikamwendea mwanasayansi John Tyndall, aliyefanya majaribio yake mwenyewe baadaye.

Namwaza amekaa ukumbini, akisikiliza maneno yake kwa sauti ya mtu mwingine. Kama alikuwepo.

Jamani, nanyi ni kitabu gani cha sayansi kiliwahi kuwagusa hivi? Niandikieni hapa chini, nataka kusoma.